Unga Bila Gunia: Nilichowaambia Madevelopa Kuhusu Methodi za Jeneriki Kwenye Java

Haya ni maongezi niliyoyatoa Jumamosi moja hapa Dar mbele ya madevelopa wenzangu, wengi vijana wa mwaka wa kwanza wa kazi, na kuna waliokosa nafasi wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza tu vicheko na ile dakika kumi umeme ulipokatika.

Jamani habari za asubuhi. Wa nyuma mnasikia? Sogeeni mbele basi viti vipo, hapa hatukusanyi sadaka.

Leo naongelea kitu kidogo sana kwa macho, mabano mawili ya pembe na herufi moja katikati, ndo jeneriki zenyewe hizo. Na nikisema kodi leo naongelea ile tunayoandika sisi, sio ile ya TRA, ile wataalamu wake hawapo humu. Sababu ya kuongelea hiki kitu ni kwamba wiki mbili zilizopita dogo mmoja tunayefanya naye kazi alinifuata na laptopu mkononi akaniuliza, "Bro, hii methodi inarudisha vitu viwili?" Nikaangalia, nikaona hii:

public static <T> T waKwanza(List<T> orodha)

Nikacheka, alafu nikajizuia maana nilikumbuka mimi mwenyewe niliwahi kudhani hivohivo na sikuwa na mtu wa kumuuliza. Yeye aliona <T> alafu akaona T nyingine, akasema moja ni ya nini. Na ukimuonyesha <T> void chapisha(T kitu) ndo anachanganyikiwa kabisa, kwamba hii inarudisha T au hairudishi kitu?

Basi tuanze hapo. Ile <T> yenye mabano hairudishwi. Ni utambulisho. Kwenye harusi zetu MC hawezi kusema "sasa mjomba atatoa neno" wakati ukumbini hamjui mjomba ni nani, lazima kwanza amsimamishe, huyu ni mjomba wa bibi harusi, katoka Tanga, haya kaa mjomba. Ndo <T> hiyo. Unaiambia kompaila, ile programu inayokagua na kugeuza kodi yetu iweze kukimbia, kwamba kwenye methodi hii kuna jina T nitalitumia, usilitafute kwenye mafaili mengine ukidhani ni klasi, ni mgeni wa shughuli hii tu na shughuli ikiisha na yeye kaondoka. Kinachofuata baada ya utambulisho ndo aina inayorudishwa. Inaweza kuwa T, inaweza kuwa List<T>, inaweza kuwa void, inaweza kuwa boolean, haijalishi. Java inataka utambulisho ukae kabla ya aina inayorudishwa kwa sababu aina yenyewe inaweza kuitaja T, huwezi kumtaja mjomba kabla hajasimama.

Ukisahau ile <T> ukaandika tu T waKwanza(List<T> orodha) kwenye klasi isiyo na T yake, kompaila itakwambia haiijui hiyo T, na watu wakiona hilo kosa wanaenda kutafuta import. Hakuna import, rudisheni utambulisho wa mjomba.

Sasa wengi humu mmezaliwa au mlikuwa mnanyonya wakati haya mambo hayapo. Jeneriki ziliingia kwenye Java toleo la 5 mwezi wa tisa 2004, kabla ya hapo listi ilikuwa listi tu, unatupia stringi, unatupia namba, unatupia chochote, ukitoa unapewa Object, ile aina ya jumla inayobeba kila kitu, na unakasti kwa mkono, yaani unaiapia Java kwamba hiki ni stringi, na kumuomba Mungu. Wazo lenyewe lilianza kabla, 1998 watu wanne, Gilad Bracha, Martin Odersky, David Stoutamire na Philip Wadler, walitoa kitu kinaitwa GJ, na huyo Odersky ndo baadae akaja kutengeneza Scala. Nawataja kwa sababu uamuzi walioufanya wao ndo unaotusumbua hadi leo, tutafika hapo, na mimi siwalaumu, nadhani ningekuwa wao ningefanya hivohivo.

Mfano wangu wa leo ni mashine ya kusaga. Kila mtu hapa ashatumwa mashineni? Eeh, hata wa Masaki, msijifanye. Unaenda na gunia au ndoo, mwenye mashine hajali umeleta mahindi, mtama, ulezi au muhogo mkavu, mashine ni ileile moja. Ila kitu kimoja kina uhakika, ukipeleka ulezi utarudi na unga wa ulezi. Ukiiandika kwa Java:

public static <T> Unga<T> saga(Gunia<T> gunia)

T ni nafaka. Mashine haijui nafaka gani, na haina haja ya kujua, ila ule uhusiano kati ya kilichoingia na kilichotoka umeandikwa. Na hapo ndo utamu wote wa jeneriki ulipo jamani, thamani yake iko kwenye ule uzi unaofunga mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Watu wanasema jeneriki ni "methodi inayokubali kila kitu", hapana, Object nayo inakubali kila kitu na hatuisifii. Ungeandika Unga saga(Gunia gunia) ungekubali kila gunia pia, tofauti ni kwamba ukifika nyumbani mama anakuuliza huu unga wa nini na wewe hujui.

Angalieni methodi mnazozitumia kila siku mtaona uzi huo. Objects.requireNonNull inachukua T inakurudishia T ileile, unaweza kuipachika katikati ya sentensi na aina haipotei. Ile map ya kwenye stream imetambulisha mgeni mwingine R, <R> Stream<R> map, kwa sababu T ni ya stream unayotoka na R ni ya stream unayoenda, na R anaingia kupitia mlango gani? Kupitia ile lambda, kile kipande kidogo cha kodi unachoipa. Ukiandika m -> m.getKiasi() kompaila inaangalia getKiasi inarudisha nini, BigDecimal, basi R ni BigDecimal. Hakuna uchawi, R iliingia kwa mlango wa mbele.

Haya, sasa niwaambie habari mbaya. Pale mlangoni pa mashine kuna karani, ndo kompaila huyo, kazi yake kukagua magunia na kuandika kwa chaki, hili mahindi, hili mtama. Yuko makini kweli. Tatizo gunia likishavuka mlango chaki inafutwa. Ndani ya mashine, yaani programu ikishaanza kukimbia, T haipo, imefutwa, imebaki Object, au kama uliiwekea mpaka kama T extends View, klasi ya vitu vya kwenye skrini ya Android, basi imebaki View. Gunia la mahindi na la mtama kwa JVM, yaani ile inayoendesha programu za Java, ni gunia tu. Wale jamaa waliamua hivo ili kodi ya zamani iliyoandikwa kabla ya jeneriki iendelee kufanya kazi na kodi mpya bila kuandikwa upya, na fikirieni kampuni zilizokuwa na Java mwaka 2004, nani angekubali aambiwe andika upya kila kitu?

Hii ya kutunza ya zamani mnaweza kuiona kwa macho. Fungueni Collections.max muone ilivyoandikwa:

public static <T extends Object & Comparable<? super T>> T max(Collection<? extends T> coll)

Kila mtu akiona ile "extends Object" anajiuliza, si kila kitu ni Object, hii ya nini? Mimi nilikaa nayo kichwani miaka. Jibu ni ufutaji. Wakati wa kufuta, kompaila inachukua mpaka wa kwanza. Wangeandika T extends Comparable peke yake, baada ya kufutwa methodi ingekuwa inarudisha Comparable, na kwenye baitikodi, yaani kile kompaila inachokitoa, aina inayorudishwa ni sehemu ya jina kamili la methodi. Programu zilizokompailiwa kabla ya 2004 zilikuwa zinatafuta max inayorudisha Object, zingefika zikakuta haipo, zikafa. Kwahiyo wakaweka Object mbele kama kibao cha duka la zamani ambacho mmiliki mpya kaacha kisishushwe ili wateja wasipotee. Mimi hiyo naipenda sana sijui kwa nini.

Sasa kama T imefutwa na methodi inarudisha Object, inakuwaje ukiandika String s = waKwanza(majina) huandiki kasti? Sikilizeni hapa vizuri maana ndo penye mzizi wa yote yanayofuata. Kasti haijaondoka. Kompaila imekuandikia yenyewe, na imeiandika upande wa aliyeita, sio ndani ya methodi. Kwenye baitikodi yako pale ulipoita kuna amri inaitwa checkcast, inasema nilichoshika kiwe String, kisipokuwa String lipuka. Kwahiyo bomu linalipuka kwa aliyeita hata kama kosa lilifanyika ndani ya methodi, tena pengine ndani ya laibrari ya mtu usiyemjua, kwenye mstari ambao ukiusoma hauna kasti yoyote. ClassCastException kwenye mstari usio na kasti. Nani ashakutana nayo? Naona mikono. Poleni.

Tukishaelewa hivo tunafika kwenye kile nilichokuja kusema hasa leo. Angalieni hii:

public <T> T soma(String funguo) {
    return (T) ramani.get(funguo);
}

T iko wapi? Imetambulishwa, inatoka. Inaingilia wapi? Hakuna. Kinachoingia ni stringi ya funguo tu. Huyu mtu kaenda mashineni mikono mitupu, kasema naomba unga, mwenye mashine kamuuliza unga gani, akasema wa ulezi, jamaa kamfungia kiroba chochote kilichokuwa nyuma ya mlango akamwambia huu hapa wa ulezi. Karani kaandika ulezi kwa chaki. Utajua nyumbani, ukishakoroga uji.

Kompaila inakuonya, inatoa ile onyo ya unchecked, maana yake mimi hapa siwezi kukagua kaka, hii iko juu yako. Na sisi tunafanyaje? Tunabandika @SuppressWarnings("unchecked") tunaendelea na maisha. Kusema kweli aina ya methodi hii inatamanisha, maana anayeita anaandika String akaunti = soma("akaunti") na Integer kikomo = soma("kikomo"), hakuna kasti, kodi inang'aa, kwenye ripyuu unasifiwa. Lakini kasti zipo zilezile za 2003, tumezifunika shuka.

Na sio sisi tu wa uswahilini tunafanya hivi, Android wenyewe wamefanya. Waliokuwepo zamani mnakumbuka tulikuwa tunaandika (TextView) findViewById(R.id.jina), kasti kila mahali hadi vidole vinauma. 2017 na API 26 wakaibadilisha ikawa <T extends View> T findViewById(int id), kasti zikaondoka, tukashangilia. Ila kinachoingia ni namba ya id, namba haijui kama ni kitufe au picha. Ukiandika EditText jina = findViewById(R.id.jina) na kwenye XML umeweka TextView, inakompaili safi, inaanguka mkononi kwa mteja. Nikawaonyesha kwenye projekta na hii ambayo watu walidhani nawatania:

Runnable r = findViewById(R.id.jina);

Inakompaili. Runnable na View wapi na wapi? Kompaila inajiambia, View sio final, Runnable ni intafesi, basi inawezekana kabisa duniani kuna mtu katengeneza klasi ambayo ni View na Runnable kwa pamoja, T itakuwa hiyo. Inampa mtu faida ya shaka. Ukiweka String pale badala ya Runnable inakataa, kwa kuwa String ni klasi nyingine kabisa na klasi haiwezi kuwa na wazazi wawili.

Mimi simlaumu sana aliyebadilisha findViewById, kasti ilikuwa palepale na hatari ni ileile, kapunguza kuandika tu. Ila ile kasti ya zamani ilikuwa inaonekana, ilikuwa inakukumbusha kwamba hapa ninabahatisha.

Sasa niwape kisa changu, na hiki ndo kilinifundisha, nimelipa ada. Kuna sehemu niliwahi kufanya kazi, sitaitaja, mfumo wa malipo umeandikwa Java 7 na una methodi soma kama hiyo hiyo niliyowaonyesha, inatumika sehemu kama mia hivi. Tukaamua kuhamia Java 8. Tulifanya kwa adabu, hatua kwa hatua, kwanza tukaweka Java 8 kwenye seva na kuliacha faili la jar la zamani, yaani programu yetu iliyokwisha kompailiwa, lilivyo. Wiki nzima iko poa. Tukasema basi, sasa tukompaili na kodi yenyewe kwa Java 8. Hatukubadilisha hata herufi moja. Tukapandisha usiku, kufika saa mbili asubuhi miamala inaanguka na ujumbe huu:

java.lang.String cannot be cast to [C

Nilikaa naangalia hiyo [C kama mtu aliyeandikiwa barua ya Kichina. Ni nini [C? Hakuna klasi yetu inaitwa C. Mstari unaolalamikiwa ni huu:

String ref = String.valueOf(soma("kumbukumbu"));

Stringi, inapewa stringi, inatengeneza stringi. Imeshindwaje kuwa stringi? Tukarudisha jar ya zamani, inapiga kazi, kwenye seva ileile, Java ileile. Tukaweka mpya, inakufa. Mkubwa mmoja akasema seva ina virusi. Mwingine akasema tuizime tuiwashe, tukaizima tukaiwasha, maana huwezi kumkatalia.

Mchana ndo nikaja kuelewa baada ya kufungua baitikodi za jar zote mbili na kuzilinganisha. [C ni jina ambalo JVM inaiita char[], safu ya herufi. Sasa String.valueOf ziko nyingi, kuna inayopokea Object na kuna inayopokea char[]. Kwenye Java 7, kompaila ikikutana na methodi ya jeneriki ndani ya mabano ya methodi nyingine, ilikuwa haiangalii nje, inasema T sijaambiwa ni nini basi ni Object, ikachagua valueOf ya Object, maisha yakaenda. Java 8 ya Machi 2014 walimfundisha karani akili zaidi, akaanza kuangalia na huko nje T inaenda kutumika wapi. Akaangalia valueOf zinazopatikana, akasema T inaweza kuwa chochote, kwahiyo Object inafaa na char[] inafaa, na sheria inasema ukipata mbili chagua iliyo mahsusi zaidi. char[] ni mahsusi kuliko Object. Basi T ni char[]. Akaandika checkcast ya char[] pale. Tukafika na stringi yetu, bomu.

Mmeona? Karani hakukosea hata kidogo. Sisi ndo tulimwambia T ni chochote anachotaka mteja, akatuchagulia. Na jar ya zamani ilipona kwa sababu uamuzi unafanyika wakati wa kukompaili, ulishaandikwa humo ndani tangu Java 7, kubadilisha seva hakuugusi. Tungeandika System.out.println(soma("kumbukumbu")) tungeokoka mapema, maana println ina ya char[] na ina ya String, hakuna iliyo mahsusi kuliko mwenzake, kompaila ingegoma palepale ikisema haielewi ipi. Kugomewa na kompaila ni neema ndugu zangu, kompaila inakugomea mchana na umekaa.

Dawa tuliyoweka ndo hii, na ni ya siku nyingi, wala sio ugunduzi wangu:

public <T> T soma(String funguo, Class<T> aina) {
    return aina.cast(ramani.get(funguo));
}

Sasa T ina mlango wa kuingilia. Ukiita soma("kumbukumbu", String.class), String.class ni kitu cha aina ya Class<String>, T imefungwa kuwa String, valueOf haiwezi tena kupewa char[]. Na ile aina.cast inakagua kweli ndani ya methodi wakati programu inakimbia, maana kile kitu cha Class kimebeba jina lake mwenyewe, hakitegemei chaki. Kikiwa sio chenyewe kinalipukia ndani ya soma, sehemu ambayo unaweza hata kuandika ujumbe ukataja funguo gani imekosewa. Ilituchukua siku mbili kupita sehemu zote mia na tukakuta nne nyingine ambazo zilikuwa zinasubiri siku yao.

Mtauliza, na Collections.emptyList() je, nayo inatoa List<T> na haipokei chochote. Kweli, <T> List<T> emptyList(), T inatoka bila kuingia. Ila fikirini, hicho ni kiroba kitupu. Kiroba kitupu cha unga wa ulezi na kiroba kitupu cha unga wa mahindi kuna tofauti gani? Hakuna, na huwezi kukijazia, ukiita add kinakutupia UnsupportedOperationException. Ndani ya JDK ni listi moja ileile inagawiwa kwa wote kwa kasti, na haiwezi kumdhuru mtu kwa sababu hakuna siku itatoa kitu. Kwahiyo T inayotoka tu sio dhambi kila mara, jiulize kiroba kina kitu ndani au hakina.

Dawa ya Class<T> ina mahali inapofika inakwama, na wa Android hapa mtanielewa haraka. List<Muamala>.class haipo. Haiandikiki, kwa sababu chaki imefutwa, kuna List.class tu. Ndo maana mtu akiandika List<Muamala> yote = gson.fromJson(json, List.class) inakompaili kwa onyo, listi inajaa vizuri, ukihesabu unapata idadi sahihi, ukishika wa kwanza tu unaambiwa LinkedTreeMap cannot be cast to Muamala. Gson, ile laibrari ya kusoma JSON, waliona List, hawakujua ndani kuwe na nini, wakajaza ramani zao. Suluhisho lao ni ile new TypeToken<List<Muamala>>() {}, na yale mabano ya mwisho {} ambayo watu wanakopi bila kujua ya nini, yale ndo kazi yote. Yanatengeneza klasi ndogo isiyo na jina inayorithi TypeToken<List<Muamala>>, na ufutaji haufuti kile klasi ilichotangaza kwamba inarithi, hicho kinabaki kimeandikwa kwenye faili la klasi. Wanakisoma humo. Ujanja wa mjini kabisa ule.

Kuhusu kurudisha List<? extends Malipo> sitakaa sana, ninachosema ni msifanye. Alama ya kuuliza iache kwenye vinavyoingia, inasaidia kupokea vingi. Ukiirudisha unamwachia mteja listi ambayo hawezi kuongeza kitu na alama ya kuuliza inamfuata kwenye kila kigeuzi chake kama mdai.

Maswali yalikuwa mengi, naandika machache. Dada mmoja aliuliza ikiwa methodi ya jeneriki inaweza kurudisha int. T haiwezi kuwa int, inakuwa Integer, na ukiandika int kikomo = soma("kikomo", Integer.class) na funguo haipo, inarudi null, kuifungua null iwe int ni NullPointerException kwenye mstari ambao nukta yake pekee ni ile ya Integer.class. Akasema yeye alikuwa anaandika int.class. Nikamwambia hiyo inakompaili, maana nayo ni Class<Integer>, ila int.class.cast inakataa kila Integer utakayoipa. Akasema ndo maana. Mwingine akauliza kuhusu var ya Java 10, nikamwambia jaribu var x = soma("akaunti") kwa ile ya zamani, T haina mlango wa kuingilia na upande wa kushoto napo haujasema kitu, karani anaandika Object na kwenda zake kunywa chai.

Wa mwisho alikuwa kijana mmoja kimya tu pale kona, akasimama akasema yeye ana klasi Sanduku<T>, ndani kuna methodi public <T> T toa(), na anaona haimkatazi kitu, Sanduku<String> anaweza kutoa Integer na kompaila imetulia, kwani jeneriki zimeharibika? Nikamwambia lete laptopu. Tukaitazama pamoja kwenye projekta. Nikamuuliza mjomba ni nani kwenye hii harusi. Akaangalia. Klasi ilishamtambulisha T, alafu methodi ikamsimamisha mtu mwingine kabisa kwa jina lilelile T, na ndani ya methodi anayesikika ni huyu wa pili, yule wa sanduku kazibwa. Nikamwambia futa ile <T> ya mbele, acha public T toa() peke yake. Akaifuta, akakompaili, ikaja mistari myekundu kumi na nne kutoka mafaili mengine. Akaanza kuisoma mmoja mmoja palepale amesimama, wa tatu akasema "aah, hii ipo prodakshen", akafunga laptopu akaomba ruhusa atoke nje apige simu.